Hodi za Angani

Mgeni mwenye adabu hapigi hodi akiwa amekwisha kuketi sebuleni. Husimama nje ya kizingiti, akaita, akangoja; na akisikia "karibu" ndipo avuapo viatu. Mtoto aliyelelewa vema huijua mila hii kabla hajaanza shule. Askari naye huijua kwa sura nyingine: mlinzi aliye zamu langoni usiku humwamrisha ajaye asimame, ajitaje, aeleze shughuli yake, ndipo apishwe. Lakini wengi wetu, tutazamapo ndege ndogo ya kifahari ikipaa kutoka Entebbe na kupotelea mawinguni, hudhani kwamba huko juu hakuna kizingiti wala mlinzi. Hudhani kwamba mwenye fedha za kununua ndege amenunua pamoja nayo njia zote za anga.

Yupo mtu mmoja uwanjani hapo ambaye kazi yake ya kila siku ni kuikanusha dhana hiyo. Zamani alikuwa sajini katika karakana ya ndege za jeshi. Akastaafu kwa heshima, na sasa hutayarisha safari za ndege za watu binafsi na za makampuni ziendazo ng'ambo. Wenzake wangali wakimwita Afande. Hana bunduki wala sare. Ana meza, simu, kompyuta, na daftari lenye jalada gumu ambalo ndani yake kila safari ina ukurasa wake. Rubani huirusha ndege angani. Afande huirusha kwanza mezani pake, nchi baada ya nchi, mpaka atakapoona kwamba yaweza kufika.

Alhamisi moja alasiri tajiri mmoja wa kahawa, mwenye ndege yake mwenyewe ya jeti, alimpigia simu. Mnunuzi mkubwa alikuwa Paris na angeondoka Jumamosi jioni. Tajiri alitaka kuondoka Entebbe saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi, atue Le Bourget asubuhi, atie saini mkataba, na Jumapili awe nyumbani. "Afande," alisema, "ndege ipo, mafuta yapo, rubani yupo. Imebaki nini?" Afande alijibu kwa upole, "Mzee, zimebaki hodi."

Yafaa ifahamike kwamba hodi hizo si mambo ya makarani waliokosa kazi. Asili yake ni mkataba uliotiwa saini Chicago tarehe 7 Desemba 1944, wakati vita kuu ya pili ilipokuwa bado ikiunguruma na mataifa yalikwisha kuona yale yawezayo kuletwa na ndege. Ibara ya kwanza ya mkataba huo husema kwamba kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. Ibara ya 3 huzikataza ndege za serikali, yaani za jeshi, za forodha na za polisi, kuruka juu ya nchi nyingine bila idhini maalumu. Ibara ya 5 huzifungulia mlango ndege za kiraia zisizo na ratiba, lakini huiachia kila nchi haki ya kuweka masharti kwa sababu za usalama. Na kwa vitendo nchi nyingi za Afrika na Mashariki ya Kati hutaka kibali kiombwe mapema na kipewe nambari. Nambari hiyo huandikwa katika mpango wa safari, na mwongozaji wa ndege huweza kuiuliza kwa redio. Asiyekuwa nayo ni sawa na mtu aliyekutwa uani usiku wa manane akisema kwamba alikuwa akipita tu.

Basi Afande alifungua ukurasa mpya. Kutoka Entebbe hadi Le Bourget, kando ya Paris, kwa mstari ulionyooka ni kama kilometa 6,150. Mstari huo hupita juu ya Sudan Kusini, ukakata Darfur, ukavuka jangwa la Libya, ukatokea Bahari ya Kati. Ni mzuri ajabu katika ramani. Lakini anga ya Libya imeogopwa na marubani kwa miaka mingi, na mwezi wa Aprili 2023, vita vilipozuka Khartoum, anga ya Sudan ilifungwa kwa ndege za kiraia. Agosti ya mwaka huo huo watawala wapya wa kijeshi wa Niger nao wakaifunga ya kwao kwa majuma kadhaa. Katika kipindi hicho ukanda mpana wa bara hili ulikuwa kama mtaa uliozibwa barabara zake, na ndege za Ulaya na Afrika zikawa zinazunguka huku na huku zikitafuta vichochoro.

Kwa hiyo msafiri mwenye busara huzunguka. Afande alichagua njia ya mashariki: Ethiopia, kisha Eritrea na Bahari ya Shamu, kisha Misri, Ugiriki, Italia na Ufaransa. Mzunguko huo huongeza mamia ya kilometa. Ndege ya tajiri haikuwa miongoni mwa zile kubwa ziwezazo kwenda kilometa 12,000 bila kutua. Ilihitaji kunywa mafuta njiani, na kituo kilichofaa kilikuwa Luxor. Hapo msomaji aone jinsi jambo moja lizaavyo jingine. Kibali cha kupita juu si kibali cha kutua. Kutua huhitaji wakala wa uwanjani, ahadi ya mafuta, njia ya kulipa, na mtu wa kupokea hati usiku huo.

Kisha kuna suala la saa, ambalo limewatoa jasho wengi. Mtu wa kwetu husema "saa nane usiku" akihesabu toka magharibi. Saa ya ukutani ya Kizungu husema saa mbili. Mpango wa safari ya ndege hautaki hii wala ile. Huandikwa kwa saa ya Greenwich, na kwa saa hiyo wakati huo ni saa tano usiku, tena bado ni Ijumaa! Karani asiyeangalia angeomba vibali vya tarehe ya Jumamosi, na ndege ingeondoka saa nzima kabla tarehe yake haijaanza. Nchi nyingine hutoa kibali chenye saa za nyongeza mbele na nyuma. Nyingine hazina huruma hiyo. Kwa sababu hiyo Afande huandika kila wakati mara tatu katika daftari lake: saa ya kwetu, saa ya Greenwich, na saa ya mahali ndege iendako. Hufurahi kidogo afikapo kwa Waethiopia, maana nao, kama Waswahili, huanza kuhesabu saa za mchana tangu alfajiri.

Juu ya saa kuna siku. Misri na Saudi Arabia hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Ulaya hupumzika Jumamosi na Jumapili. Ombi lipelekwalo Alhamisi jioni laweza kukuta mlango mmoja wazi na mwingine umekwisha kufungwa mpaka Jumapili. Wanaojua kazi hii huanza kupiga hodi siku nyingi kabla. Tajiri alikuwa amempa Afande saa thelathini na chache.

Tuache vibali, tuje kwenye mafuta, kwa kuwa hapa kila mama wa nyumba atamwelewa Afande bila mwalimu. Mama apikaye kwa ajili ya wageni hapimi kwa idadi ya walioalikwa tu. Huongeza kibaba kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa, na huacha akiba ndani ya mtungi. Ndege nayo hupimiwa hivyo. Kuna mafuta ya kutembea uwanjani kabla ya kuruka. Kuna ya safari yenyewe. Kuna nyongeza ya dharura, ambayo kwa kawaida ni asilimia 5 ya hayo ya safari. Kuna ya kwenda uwanja wa akiba ikiwa uwanja uliokusudiwa umefunikwa na ukungu. Na mwisho kuna ya dakika 30 za kuzunguka juu ya uwanja, ambayo rubani mwema hufanya kila awezalo asiyaguse. Na haiwezekani kusema, "Jaza tu mpaka juu." Mafuta yana uzito. Entebbe ipo zaidi ya meta 1,100 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Addis Ababa ipo zaidi ya meta 2,300. Katika hewa nyepesi yenye joto mbawa hubeba kidogo na ndege hutaka barabara ndefu. Hii ni moja ya sababu zinazowafanya marubani wengi wapende kuondoka usiku au alfajiri, wakati hewa imepoa.

Wala mafuta hayatoshi kwa kuwapo tu. Sharti yafike kwenye mashine. Beryl Markham, rubani aliyekulia Njoro katika Kenya ya wakoloni, aliondoka Uingereza mnamo Septemba 1936 akiwa peke yake ili avuke Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi. Aliruka zaidi ya saa 20. Barafu ikaziba njia ya hewa ya tangi, mashine ikakosa mafuta, na ndege ikaangukia pua kwenye kinamasi cha Cape Breton, Kanada. Aliokoka na jeraha kichwani. Hakuwa mzembe, alikuwa miongoni mwa hodari wa siku zake. Lakini hewa ya juu ina baridi ipitayo nyuzi 50 chini ya sifuri, na baridi hiyo haimwogopi hodari.

Ijumaa asubuhi simu ya tajiri ililia tena. Safari hii alileta jambo jipya: rafiki yake mmoja angepanda pia, naye angechangia fedha za mafuta. Afande aliweka kalamu chini. Ndege ya mtu binafsi ibebayo mwenyewe na wageni wake ni jambo moja. Ndege ichukuayo nauli ni jambo jingine kabisa. Mara abiria anapolipa, sheria huiangalia safari kama biashara, na hutaka leseni ya biashara, rubani mwenye daraja linalofaa na bima ya aina nyingine. Wapenzi wa kandanda wanaikumbuka habari ya Emiliano Sala, mshambuliaji wa Argentina aliyenunuliwa na Cardiff City kutoka Nantes. Usiku wa tarehe 21 Januari 2019 alipanda ndege ndogo yenye injini moja, nayo ikaanguka baharini karibu na Guernsey. Yeye na rubani wake wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba rubani hakuwa na leseni ya kubeba abiria wa kulipa, wala hakuwa na haki ya kuirusha usiku, na kwamba yumkini moshi wa sumu kutoka kwenye injini ulikuwa umewaingia. Mtu aliyeipanga safari hiyo alihukumiwa kifungo mwaka 2021. Hakuwamo ndani ya ndege; aliipanga tu. Afande aliisoma habari hiyo mara mbili ilipotoka, kwa sababu naye ni mpangaji.

"Mzee," alimwambia tajiri, "rafiki yako na aje kama mgeni wako, ale chakula chako, asitoe hata senti. Au akae." Tajiri alinung'unika, akakubali. Zikafuata hati za abiria: pasi zisizokaribia kufa, viza ya Ulaya, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwani kutua Misri ukitoka ukanda wetu bila cheti hicho ni kujitafutia taabu. Tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote ya mwenyewe, lakini huanza kufaa siku kumi baada ya sindano. Rafiki wa tajiri alikuwa amechanjwa Jumatano. Akabaki nyumbani.

Ikafika jioni. Ethiopia, ndiyo. Misri, ndiyo, kupita na kutua. Bahari ya Shamu, ndiyo. Ulaya, hakuna tatizo. Nchi moja tu ya njiani ilikuwa bado kimya. Afande alipiga simu, akaandika, akapiga tena. Upande wa pili kijana mwenye sauti ya usingizi alimwambia kwamba ombi limeonekana na mkubwa wa kutia saini ameondoka. Saa nne usiku hali ikawa ile ile.

Tajiri alifika uwanjani saa sita, mkoba mkononi. Aliposikia habari hiyo alicheka kwanza, kisha hakucheka. "Nchi moja, Afande! Vipande vya dakika arobaini. Usiku wa manane nani atatuona? Tupite."

Mtu aliyetumikia jeshi hawezi kulisikia neno "tupite" kwa namna waisikiavyo raia. Afande alikuwa kijana mwenye sare tarehe 1 Septemba 1983, siku ambayo ndege ya abiria ya Korea Kusini, iliyokuwa ikitoka Anchorage kwenda Seoul, iliyumba mamia ya kilometa nje ya njia yake na kuingia anga ya Urusi ya Kisovieti. Ndege ya kivita ikaitungua. Watu 269 wakafa, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba amevuka kizingiti cha mtu. Mwaka uliofuata mataifa yalikutana Montreal yakauongezea mkataba wa Chicago ibara ya kuzikataza nchi kutumia silaha dhidi ya ndege ya kiraia iliyo angani. Lakini ibara hiyo hiyo huipa nchi haki ya kuilazimisha ndege iliyoingia bila ruhusa iteremke, nayo ndege hulazimika kutii. Sheria ni karatasi. Kijana aliye kwenye chombo cha rada usiku, mwenye amri na hofu yake, huona nukta tu. Hamwoni mfanyabiashara wa kahawa.

"Watatuona, Mzee," Afande alisema. "Mimi nimekaa upande ule waonako. Na bima yako yaweza kukataa kulipa ndege ikiharibika mahali ambapo haikuwa na ruhusa ya kuwapo. Jina langu siliweki kwenye karatasi hii."

Tajiri alimgeukia rubani. Rubani, mtu wa maneno machache, alitazama daftari, akatazama kiatu chake, akasema, "Asipotia saini yeye, mimi sina safari." Tajiri aliondoka bila kuaga. Maneno yake ya mwisho yalikuwa kwamba watayarishaji wa safari si adimu mjini.

Afande alifika nyumbani alfajiri. Mkewe alikuwa macho, kama ilivyo desturi ya wake wa askari, ambao husikia hatua ya mume kabla ya mlango. Akamwandalia chai. Ada za watoto wawili zilikuwa zikidaiwa mwisho wa mwezi, na wote wawili walilijua hilo bila kulitaja.

"Baba Watoto, atakufukuza?"

"Huenda."

"Nchi hiyo ingewapiga?"

"Huenda wasingefanya lolote, Mama Watoto. Huenda tungepita, tukafika, akasaini."

Mama alinyamaza kitambo. "Ulipokuwa langoni miaka ile," akasema, "mtu akikataa kujitaja, ulikuwa ukijiuliza kama huenda ni mwema?" Afande hakujibu. Alikunywa chai yake, akalala.

Kibali kilikuja Jumapili mchana, kikiwa na nambari yake, kama kwamba hakuna lililotokea. Mnunuzi alikuwa amekwisha ondoka Paris. Mazungumzo yalifanywa kwa simu, na bei aliyoipata tajiri haikuwa ile aliyoitumaini. Hasara hiyo ilikuwa ya kweli, na hapana haja ya kuipaka rangi. Msiba ukitokea, huleta mashahidi, picha na tume ya uchunguzi. Lakini hatari iliyokwepwa haina shahidi. Aliyeikwepa hubaki na hasara mkononi na watu wakimwuliza, "Kwani kungetokea nini?" Huo ndio uzito wa kazi ya mlinzi, awe langoni, barabarani au mezani: hulipwa lawama kwa yale yasiyotokea.

Februari 1931 ndege ya kwanza ya ratiba ya Imperial Airways iliondoka London kuja Mwanza, na ilichukua siku kama kumi, ikitua na kulala njiani. Leo jeti hufanya kazi hiyo kwa saa chache, na mwendo huo umetufanya tusahau kwamba nchi zilizo chini hazijapungua hata moja. Vizingiti ni vingi kuliko zamani, kwa kuwa himaya zimeondoka na wenyewe wamerudi nyumbani mwao. Anayelalamika kwamba kibali ni usumbufu na akumbuke kwamba nchi yake nayo hutoa vibali, na kwamba asingependa mtu apite juu ya paa lake usiku bila salamu.

Majuma matatu yalipita bila simu. Kisha asubuhi moja ujumbe mfupi uliingia, bila salamu ndefu na bila kugusia usiku ule. Ulitaja Geneva, ukataja tarehe, na tarehe yenyewe ilikuwa bado siku ishirini na tano mbele. Mwishoni uliandikwa hivi: "Afande, anza kupiga hodi."

Afande alifungua ukurasa mpya, akaandika saa tatu za safari, akanyanyua simu.